Malalamiko Dhidi ya Kipande cha Ukurasa Mmoja

Thadeo Magige,
Duka la Nyavu, Kamba na Maboya,
Mukendo, Musoma.
12 Agosti 2024

Ndugu Hezron Ryoba,
Mwenyekiti, Kamati ya Tamasha la Kwaya,
Bunda.

YAH: MWALIMU DEBORA KUMPA BINTI YANGU MUZIKI MWEPESI MCHANA KWEUPE

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa nakufahamu siku nyingi, nitakieleza tena.

Najua kwamba wewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Scholastika, na kwa desturi zetu nina haki ya kukutania mpaka ukimbie kwako mwenyewe. Leo sitanii. Leo namwandikia Mwenyekiti. Pale nitakaposhindwa kujizuia nikamwandikia shemeji, nitasema wazi, ili katibu wako asiyaingize kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa faida ya wajumbe wasionijua, mimi ni mfanyabiashara wa nyavu pale Mukendo, naishi Bweri, na nina binti anayepiga piano, Jenipher, yuko kidato cha pili. Kamati yako ndiyo iliyomleta Mwalimu Debora hapa Musoma awafundishe piano vijana wa kwaya, kwenye ukumbi wa kanisa letu. Debora ni mtoto wa wavuvi wa Kiriba, amesoma muziki chuoni na cheti anacho. Sina ugomvi na cheti. Nimesikia kikao chenu cha Jumamosi ijayo kitaamua kama aendelee au aondoke, na pia kitaamua nani atapiga nini kwenye tamasha la Butiama mwezi ujao. Mimi naomba aondoke. Na naomba Jenipher apewe kipande kigumu, kigumu haswa, kigumu kuliko kile cha mwanao Fred. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Udogo wa kipande chenyewe.

Kabla ya Debora, Jenipher alikuwa chini ya Mzee Bernado, mpiga kinanda wetu wa zamani, mtu wa heshima zake. Mzee Bernado alimpa kipande cha kurasa kumi na moja. Mimi nota sisomi, lakini macho yangu yamezoea kukagua nyavu, na karatasi nikiiinua dirishani najua kama kazi ipo au haipo. Ile ilikuwa na kazi. Kurasa zilikuwa nyeusi tii, hata nzi asingepata pa kutua. Jenipher alikaa nacho mwaka mzima na zaidi, akafika ukurasa wa pili. Vidole vilimuuma, akawa anafunga kinanda kwa kishindo, na siku moja akaniambia, "Baba, mi hii piano basi. Nitaimbaga tu na wenzangu." Nikajua sasa muziki umeanza kumwingia.

Debora alipofika, siku ya kwanza kabisa, alimwambia mtoto apige kitu anachokipenda. Anachokipenda, Mwenyekiti! Kama vile tumempeleka hotelini. Jenipher akapiga ule ukurasa wa kwanza, mwalimu akamuuliza anasikia nini ndani yake. Mtoto akajibu, "Sisikii, Mwalimu. Nahesabu." Basi, kurasa kumi na moja zikakunjwa, zikawekwa kabatini, mwalimu akisema zitamsubiri mpaka masikio yake yazifikie, na badala yake ikatolewa karatasi moja. Moja! Nafasi nyeupe iliyomo humo inatosha kuandikia mahitaji ya sokoni ya wiki nzima.

2. Kufundisha kunyamaza.

Ndani ya karatasi hiyohiyo kuna alama ambazo maana yake, nimeambiwa, ni mpigaji anyamaze. Nilimuuliza mwalimu kwa adabu kama ada ninayolipa inahusu pia sehemu ambazo mtoto hapigi. Akajibu, "Mzee, hizo ndo ngumu." Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikashuhudia kwa macho yangu. Jenipher anapiga, anainua mikono, halafu wote wawili wanasikiliza ukuta. Kisha mwalimu anasema, "Umeondoka mapema. Rudia." Ameondoka mapema kwenda wapi? Yuko palepale kwenye kiti! Nyumbani kwangu kuna watu wananyamaza bure, akiwemo dada yako nikichelewa kurudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa chuoni kusomea.

3. Kujeruhi kinanda.

Msimu dagaa walipokuwa wengi nilimnunulia Jenipher kinanda cha umeme, nikakifuata Mwanza mwenyewe, nikakipakata njia nzima. Kinanda hicho kina midundo ya kila aina: rumba, samba, rege, na mmoja usio na jina unaosikika kama sufuria zinaporomoka kutoka kabatini. Tena kina kitufe cha kuhamisha wimbo mzima juu au chini, ili mpigaji ajue kupigia mahali pamoja tu na kitufe kimalizie mengine. Mzee Bernado amelitumikia kanisa kwa kitufe hicho miaka yote na hakuna roho iliyopotea.

Debora alipokuja kukiona, kwanza alikisifu, siwezi kumnyima hilo. Halafu akamwomba Scholastika plasta, ile ya kubandika kwenye kidonda, akaibandika juu ya vitufe vyote vya upande huo. Sasa wageni wakija kwangu wananiuliza kinanda kimepatwa na nini. Nimejaribu kuibandua nikazuiwa na wanawake wawili wa nyumba yangu.

4. Kuingilia biashara yangu.

Nilimwendea mwalimu tuzungumze kiutu uzima. Nilimweleza kwamba kipande kikiwa na nota nyingi ndiyo faida ya mtoto, kwa kuwa hata zikimponyoka nyingine, nyingine zitabaki. Hiyo ni hesabu ya kawaida ya mtu yeyote mwenye duka. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Mzee Thadeo, kwani wewe unauzaga zile nyavu za macho madogo?" Nikamwambia siuzi, ni marufuku, na hata zisingekuwa marufuku nisingeziuza, maana zinazoa mpaka sangara wachanga na ukizitumia mwaka huu, mwaka kesho utavua maji. Nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu hilo nalijua. Nilipomaliza, akanishukuru, akaendelea na kazi yake.

Nilimlalamikia Scholastika kwamba mwalimu ameniuliza habari za nyavu katikati ya mazungumzo ya muziki, tena bila nia ya kununua. Dada yako alicheka mpaka akashika ukuta. Naomba kamati imtake mwalimu aeleze kwa maandishi alikuwa na maana gani, kwa kuwa mpaka leo sijaipata na swali lake linanisumbua nikiwa kazini.

5. Aibu ya tamasha la mwaka jana, hapo kwenu Bunda.

Hapa naomba niwe mkweli na mpole. Mwanao Fred alipanda kabla ya Jenipher, akapiga kile chake. Mwenyekiti, kijana alinguruma kama mashine ya boti ya farasi arobaini. Mikono haikuonekana. Jasho lilimtoka mpaka shati likabadilika rangi. Watu walisimama, vigelegele vikapigwa, bwana mmoja akarusha kofia na haikurudi. Wewe ulikuwa umekaa mbele, mguu juu ya mguu, na badala ya kumtazama mwanao ulikuwa unanitazama mimi. Niliona.

Ndipo Jenipher akapanda na karatasi yake. Akapiga taratibu, akanyamaza mahali pa kunyamaza, akapiga tena. Ukumbi ulikufa. Nilitamani ardhi ipasuke inifiche. Hata kile kitoto kilichokuwa kinalia tangu asubuhi kikaacha kulia, nadhani kwa kukata tamaa. Alipomaliza, kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi, nikajua tumekwisha. Mama mmoja wa kwaya ya kutoka Kiriba alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Nikadhani amepigiwa simu ya msiba. Na mimi, unavyonijua, ni mtu wa watu. Nikamfuata nje, nikampa pole, nikamtilia rambirambi mkononi. Akanirudishia. Akasema, "Sijafiwa, baba. Ni huyo binti." Nikamwomba radhi kwa niaba ya familia.

Zawadi ilikwenda kwa Fred, kwa haki kabisa, na sina kinyongo. (Shemeji: ninacho.)

6. Kipande hicho kinaambukiza.

Wiki iliyopita nilikuwa nampimia mteja kamba pale dukani. Katikati ya kupima nikajikuta nimesimama, ncha ya kamba mkononi, naimba kwa pua kile kipande cha Jenipher. Na mteja, mvuvi mzima mwenye watoto wakubwa, anaitikia sauti ya chini. Hatujawahi kufanya mazoezi pamoja! Nilipomuuliza amekitoa wapi, akasema anapitaga jirani na ukumbi wa kanisa akienda kuuza sato. Ilibidi tupime upya. Siku hizi hata mama wa mgahawa wa jirani anakiimba akikatakata nyanya, na ananyamaza palepale panapotakiwa.

Sasa linganisha na kile cha Fred. Nimekisikia harusini, nimekisikia kwenye mahafali, nimekisikia kwenye tamasha, na mpaka leo ukinishikia panga siwezi kukuimbia hata mwanzo wake. Huo ndio muziki mkubwa. Unapita kama basi la mbio, unabaki na vumbi lako na heshima yako.

7. Kupiga visivyoandikwa mahali popote.

Jumanne mama yake alikuwa jikoni anasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo, huku akiimba wimbo wa kupalilia, ule wa kwenu. Jenipher akausikia kutoka sebuleni, akautafuta kwenye kinanda, akaupata. Hakuna karatasi, hakuna kibali cha mwalimu wala cha mzazi. Halafu akaanza kuuwekea mkono wa kushoto chini yake. Nikasikia anauliza, "Mama, hapo mwisho mlikuwaga mnapanda au mnashuka?" Mama yake akatoka na mwiko mkononi akaimba tena. Wakarudia, wakarudia, huyu anashuka, yule anapanda, wanacheka kama wamekutana leo baada ya miaka, mpaka harufu ikatufikia. Nilikula ugali ulioungua, Mwenyekiti. Nilipolalamika nikaambiwa, "Wewe kula." Enzi za Mzee Bernado tulikuwa tunakula vizuri kila siku, kwa sababu kinanda kilikuwa kimefungwa.

Nimemuuliza Debora kama hayo nayo ndiyo mafundisho. Akaniambia yeye hachagui kipande kwa kuangalia kina ugumu gani, anaangalia kitamfungulia mtoto nini. Na kwamba huo wimbo wa jikoni ndio ulikuwa mtihani, na Jenipher amefaulu. Mtihani gani unaofanyika bila msimamizi, na jibu lake linaunguza chakula?

8. Utovu wa nidhamu.

Kwa kuwa sipendi kufanya mambo kwa siri ndani ya nyumba yangu, nilimwambia Jenipher kwamba nakuandikia, na kwamba mwalimu akiondoka tutarudi kwenye zile kurasa kumi na moja kwa ari mpya. Hakupiga meza. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, Mwalimu akiondoka mi naacha. Sirudi tena kule kwa kuhesabu." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Nilimkemea kama mzazi anavyopaswa, halafu nikatoka nje kukagua matairi ya pikipiki, ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Ningependa wajumbe wajue kwamba hapo niliogopa. Mtoto anayepiga kelele unaweza kumsubiri apoe, lakini huyu alikuwa amepoa tayari. Hata hivyo jina la ukoo ni jina la ukoo, na mwaka huu Butiama watakuja watu wa pande zote, na mimi sitakaa kwenye kiti nikitazamwa na wewe kwa mara ya pili.

Kwa sababu hizo nane, na nyingine ambazo Scholastika amenishauri nisiziandike, naomba kamati yako ipitishe yafuatayo.

Kwanza, ugumu wa kipande upimwe kwa jasho. Kila mpiga piano apande jukwaani na leso kavu, na akishuka leso ikamuliwe mbele ya mashahidi. Isiyotoa tone, huyo hakupiga kitu. Pili, miongoni mwa majaji awepo angalau fundi mmoja wa mashine za boti, anayejua mizunguko kwa dakika, kwa sababu hawa majaji wenu wa kufumba macho wakati mtoto anapiga hawaoni vidole, na wasipoona vidole watajuaje? Tatu, ipigwe marufuku kumpa mtoto kipande chochote ambacho mzazi wake anaweza kukiimba. Mzazi akikamatwa anakiimba, kipande kifutwe na mzazi aonywe. Nne, sehemu za kunyamaza zijazwe. Mzee Bernado yuko tayari kuzijaza kwa bei nafuu. Tano, na hili ndilo kubwa, Mwalimu Debora aondolewe Musoma mara moja, na kama hamna pa kumpeleka, mchukueni nyinyi huko Bunda, akawafundishe watoto wenu kusikiliza kuta, ili tamasha lijalo tukutane tukiwa na hali sawa.

Nategemea hekima yako kama Mwenyekiti. Kama shemeji sitegemei kitu.

Nisalimie mke wako, na umwambie yale mafuta ya samli yalifika salama. Nisalimie wajumbe wote, na majirani wa pande zote mbili, hata yule asiyenipenda. Msalimie Fred na umwambie kidole kisilegee. Hapa sisi ni wazima. Scholastika anakusalimu kwa sauti ambayo sitaieleza.

Ni mimi mlalamikaji wako, ninayekuheshimu kwa kadiri inavyowezekana,

Thadeo Magige

Nakala: Mzee Bernado, kwa taarifa.

Nyongeza.

Shemeji, sasa nakuandikia wewe, katibu aweke kalamu chini.

Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, namsubiri kijana wa kuipeleka stendi, mara nikaona bodaboda inasimama mlangoni na anashuka mwanao Fred, amekuja kumsalimia shangazi yake. Nilifurahi sana. Nikasema leo Jenipher atajua piano ni nini. Nikamketisha kijana kwenye kinanda kabla hata hajapewa maji. Akapiga kile chake, stendi ya kinanda ikatetemeka, plasta moja ikabanduka yenyewe, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Scholastika naye akapiga. Akasema, "Vizuri, mwanangu. Sasa tupigie na kingine, hata kidogo tu, wakati naandaa chakula."

Fred akaangalia vidole vyake. Akasema, "Shangazi, mi nina hicho kimoja tu."

Nilidhani utani. Sio utani. Tangu akiwa shule ya msingi ana hicho kimoja, na kila mwaka kazi ni kukiongezea mwendo. Na sasa nitakwambia jambo ambalo ameliongea hapa mezani akiwa ameinamia sahani, na ameniruhusu nikwambie. Kwenye msiba wa mama yenu, mlipomwomba ampigie bibi yake akasema kichwa kinamuuma, hakikuwa kinamuuma. Hakuwa na kitu cha kumpigia. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba siku nzima anaogopa usimwite tena.

Jenipher aliinuka mezani. Alimsogezea ile karatasi moja.

Fred ndiye pia aliyetuambia, bila kujua anatoboa siri, kwamba mmeshapanga kumhamishia Debora huko Bunda, na mlichokuwa mnakisubiri ni barua moja tu ya malalamiko kutoka Musoma ili ionekane sisi ndio tuliomkataa. Ala! Basi elewa kwamba barua hii sio ile mnayoisubiri. Yote niliyoandika kuanzia la kwanza mpaka la nane yahesabiwe kuwa ni ushahidi wa upande wa mwalimu, na yale maombi matano yafutwe, isipokuwa la fundi wa boti, maana nimeshamwahidi mtu. Debora haondoki. Atakayemgusa, nitakuja Bunda kudai ng'ombe wangu wote niliowatoa kwa ajili ya dada yako, na ndama waliozaliwa baadaye. Nilimwambia Scholastika hivyo, akasema ni sawa tu, atarudi nao Bunda akiwaswaga mwenyewe, amechukua na Jenipher na kinanda, na mimi nibaki hapa na Mzee Bernado. Kwa hiyo la ng'ombe nalo lifute.

Nilitaka kuichana barua. Scholastika amenikataza. Amesema, "Ipeleke hivyohivyo, kaka aone."

Wakati naandika haya Fred bado yuko sebuleni. Chakula hakugusa, na basi la saa kumi limeondoka bila yeye. Mara ya kwanza alikimaliza kile kipande cha Jenipher kabla mwenyewe hajavuta kiti. Sasa amefika mstari wa tatu na anarudi mwanzo, anakwenda kama mtu anayepita gizani akipapasa ukuta wa nyumba asiyoijua. Hivi punde amegeuka akaniuliza, "Mjomba, kwani kumbe inaruhusiwaga kupiga taratibu?"

Nimemwambia inaruhusiwa. Lakini mimi ni mume wa shangazi yake tu, Hezron. Njoo umwambie wewe.